Siku Gabarua Ilipovua Barakoa

Gabarua, Mkoa wa Kati,
Papua Guinea Mpya,
Aprili 2022

Kaka yangu mpendwa Gavera,

Salamu nyingi zikufikie huko Lae, wewe, wifi Heni na watoto. Natumaini kazi ya bandarini inaendelea na mgongo umepunguza kukusumbua. Mama hajambo. Macho yake yanazidi kufifia, lakini pua iko palepale; nikiunguza ndizi jikoni, yeye ndiye wa kwanza kunigombeza. Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu, maana siku hizi sisemi vizuri, na sauti yangu ingekutisha kabla sijafika kwenye maneno yenyewe.

Habari kubwa hapa ilikuwa barakoa. Kule mji mkuu, Mosbi, walishalegeza, lakini sheria ya halmashauri yetu ilibaki vilevile: sokoni, zahanati na ofisini huingii bila barakoa. Walioumia zaidi ni kina mama wanaouza popoo na tambuu za kutafuna. Mnunuzi ataonjaje popoo mdomo umefunikwa? Akivua tu, mlinzi huyo, anamtoa nje, na mama anabaki na mafungu yake yananyauka. Malalamiko yakawa mengi, hata mwenyekiti wetu, Morea Vagi, akawaita madiwani walizungumze jambo hilo.

Unajua mimi nakaa kwenye baraza kama mwakilishi wa wanawake. Kabla ya kikao wauza popoo walinijia nyumbani, wakiongozwa na Boio, yule rafiki yangu wa tangu shule. Boio alinishika mkono akaniambia, "Konio, usituangushe. Hao wanaume wataishia kuzungumza mpira. Wewe waambie tumechoka kufukuzwa kama kuku." Nikawajibu kwamba nimewasikia. Sikuahidi kitu, lakini waliondoka wameridhika, nami nikawaacha waridhike.

Siku ya kikao walikuja wakakaa chini ya madirisha ya ukumbi ili wasikie wenyewe. Bwana afya, kijana anayeitwa Tau, ndiye aliyeanza. Alisema ugonjwa umepungua na kwamba uamuzi ni wetu. Diwani Kila Wari akaleta mizaha yake: eti mjukuu wake anamjua kwa macho tu, na siku alipovua barakoa mtoto alilia akidhani ni mwizi. Watu wakacheka. Wote waliofuata wakasema sheria iondolewe.

Nikasimama, nikapinga.

Nilisema korona haijaisha. Niliwataja wazee, nikawataja watoto. Niliwakumbusha shangazi Rupa, jinsi tulivyomzika bila hata kumgusa. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Mama, sema tukusikie, unaongea kama una kiazi cha moto mdomoni!" Wakacheka tena, mimi nikaendelea. Niliomba sheria ibaki mpaka mwisho wa mwaka, wakakataa. Nikaomba miezi michache, wakakataa. Mwishowe niliomba hata wiki moja tu. Mwenyekiti akanitazama kwa mshangao, akaniuliza kama wanawake walio nje ndio walionituma niseme hayo. Hapo nikamsikia Boio dirishani: "Sisi hatukumtuma! Huyo anamsemea nani?"

Mikono ikanyooshwa, yote isipokuwa wangu. Mwenyekiti akatangaza kwamba sheria imekwisha, akasema na tuanze sisi wenyewe, papo hapo. Barakoa zikavuliwa. Watu walitaniana kwa ndevu zilizoota mvi na meno yaliyong'oka. Kina mama wakaingia kwa vigelegele, na Boio akanijia moja kwa moja akitabasamu, hasira zimeshamtoka. "Haya shoga, yameisha. Vua basi, tuyaone hayo meno!" Kabla sijageuka, mkono wake ulikuwa umeshafika nyuma ya sikio langu.

Kaka, sasa nikuambie. Shavu langu la kushoto limeoza. Lilianza ndani kama doa jeupe, nikadhani ni chokaa tunayotafunia popoo imeniunguza. Doa likawa kidonda, kidonda kikala mpaka kikatokea nje. Krismasi ulipokuja, kikiwa bado ndani, ukaniuliza mbona sili, nikakuambia ni jino. Halikuwa jino. Nyumbani nakunywa uji peke yangu, Mama akishamaliza kula. Uso haoni, lakini harufu aliniuliza, nikamdanganya kwamba panya amefia darini. Wenzangu walipokuwa wakiilaani barakoa, mimi nilikuwa namshukuru Mungu kwa ajili yake. Kwa hiyo siku ile sikuwa nikiwatetea wazee wala watoto. Nilimtoa shangazi Rupa kaburini aje anisaidie kuficha uso.

Boio aliivuta kamba, ikatoka. Alisimama ameishika barakoa yangu, imelowa usaha, hajui aiweke wapi. Diwani Kila Wari alikuwa ameshajitupia popoo mdomoni kusherehekea. Nilimwona akiacha kutafuna.

Tau akawaomba watu watoke. Akaniuliza, "Mama, kwa nini hukuja? Zahanati si ile pale?" Nikamwambia kweli, kwamba kila mtu wa hapa aliyetajiwa ugonjwa huu wa saratani alirudishwa kutoka hospitali ndani ya jeneza. Unamkumbuka baba mdogo Ranu. Nilidhani nisipoutajiwa hautakuwa wangu.

Muuguzi wa zahanati amenitazama, naye hakunidanganya. Anasema saratani imekwenda mbali, lakini huko kwenu Lae wana mashine ya kuichoma kwa mionzi. Huenda ikasaidia, huenda tumechelewa. Kumwambia Mama kulinishinda, akanisaidia Boio. Mama alinipapasa uso mzima kwa vidole vyake, polepole, hata pale panaponuka. Kisha akasema, "Kumbe ndiye panya huyo." Halafu akalia, Gavera, kilio ambacho sikumsikia akilia hata kwenye msiba wa Baba.

Nakuja kwa ndege Ijumaa. Barua hii anaileta mtoto wa Boio anayetangulia kurudi chuoni huko Lae. Nakuomba unipokee. Kama wifi ataona vigumu kukaa nami kwa sababu ya harufu, sitamlaumu, nitandikieni barazani. Madaktari wakisema hakuna la kufanya, usinifiche, unirudishe nyumbani ningali naweza kukaa kwenye kiti. Naogopa, kaka. Usiku naomba, maneno yananikimbia, nabaki kulitaja jina lako.

Mama anakusalimu, na Boio pia. Yeye ndiye atakayelala na Mama nikiwa huko. Nibusie watoto, lakini usije nao uwanja wa ndege. Njoo peke yako. Nikishuka, nitazame usoni, utazame mpaka umalize, ndipo tuzungumze mambo mengine. Kutazamwa kwa kuibia ndiko nitakakoshindwa kuvumilia.

Ni mimi dada yako,
Konio