Kitenge cha Kwaya Mlimani Samo

Mama Neema wangu,

Safari yetu wote wanaisimulia vibaya. Kanisani kwetu hapa Croydon, Uingereza, pasta akisoma pale Paulo anapopita Samo, watu wananigeukia. Halafu kuna mama mmoja anasimama kutoa ushuhuda wako, kama vile naye alikuwa kwa boti: ati ulikufa unaimba. Uongo mtupu! Weye na sauti ile ya mbuzi? Kwaya yenyewe ilikuweka mstari wa nyuma.

Mi ndiye nilikuwepo, basi mi ndiye nasema.

Kule Uturuki, kabla ya kupanda ile boti ya mpira, wenzetu wanavaa makoti mawili mawili. Weye unatoa kitenge cha kwaya. Nikakuuliza, "Mama, tunaenda harusi ya nani?"

"Kile kisiwa kiko kwa Biblia, baba Neema. Siwezi kufika nimevaa kama mwizi."

Nikacheka. Nikakuacha.

Boti ikatutupa chini ya mlima, tumelowa, upepo unakata. Paulo alipita tu pale, mlima hakuupanda. Mtu mwenye akili. Sisi tukapanda, tunaogopa askari wataturudisha baharini. Kitenge kikakuganda miguuni. Nikakupa koti langu, ukalivaa juu yake, hukutaka kuvua nguo mbele za watu. Basi nikakubeba. Mimi, mwanaume niliyekuwa napakua mifuko miwili ya saruji kwa mpigo pale bandarini Bukavu, nikalemewa! Nikakutania, "Mama, umekunywa bahari nzima?" Ukanifinya sikio. Mbele kidogo, vidole vikaachia.

Walikuzika kulekule, mi nimesimama na soksi za kuazima.

Neema tuliyemwacha kwa dada yako yuko na mi sasa, anahudumia wazee wa watu. Juzi anapika sombe, yale majani yetu ya muhogo, akaniuliza, "Papa, mama alisema nini mwisho? Niambie tena."

Nikamwambia kama siku zote: "Alisema, 'Mwambie Neema nilikuwa namtafutia maisha.'"

Akafuta macho, akatabasamu. Jumapili atasimama kanisani kulitoa neno hilo mbele ya wote. Akishalitoa, nitalirudisha wapi? Na nikimkataza, atabaki na nini cha kwako?

Kitenge ni kweli, mama. Sikio ni kweli. Lile neno nililitunga mimi. Hukusema kitu. Nilikuita, nikakuita, nikataja na jina la mtoto, na sauti ilikuwa yangu peke yangu.

Mume wako,
baba Neema