Dakika Mbili Kabla ya Kuzima Injini

Mpendwa Mama, afande wangu,

Nakuandikia nikiwa nimeketi ndani ya gari ambalo hukuwahi kuliona. Nimeliegesha nyuma ya jengo ninamopanga, mlimani juu ya mtaa wa Kabalagala hapa Kampala, na jua bado halijazama. Leo asubuhi alikuja mtu kulinunua. Nitakusimulia ilivyokuwa, ila kwa utaratibu ulionifundisha wewe: kwanza chanzo, kisha tukio.

Chanzo ni ile pikapu ya doria uliyokuwa ukiiendesha nilipokuwa shule ya msingi. Ulikuwa mwanamke pekee katika kikosi chenu aliyekabidhiwa usukani. Kila jioni uliiegesha mbele ya safu ya nyumba zetu za kambini, na kabla hujaenda kurudisha ufunguo kwa ofisa wa zamu, mimi nilikuwa nimekwisha kutupa daftari, nimekimbia, nimepanda kiti cha kushoto. Siku ya kwanza nilinyoosha mkono nikitaka kuizima mwenyewe. Ulinichapa vidole kwa upole.

“Hapana zima! Injini ya turbo hapana zima hivyo. Imekimbia siku mzima, iko moto. Wacha ipumue kwanza, dakika mbili.”

Ukanieleza kwamba ndani yake mna kitu kinachozunguka kwa kasi isiyopimika kwa macho, kikiwa chekundu kama kaa, na kwamba oili ndiyo inayokipoza. Ukizima ghafla, oili inasimama, nacho kinaungua kidogo kidogo, siku baada ya siku, bila mtu kujua. Tangu hapo nimesoma uhandisi miaka minne, Mama, na hakuna mhadhiri aliyenieleza jambo hilo vizuri kuliko wewe.

Dakika hizo mbili zikawa zetu. Nje ulikuwa unangojwa na kila kitu: sufuria, majirani, nguo za kufua, sare ya kesho. Ndani tulikuwa wawili tu. Ulinisimulia kuhusu mwendesha boda aliyejaribu kuikimbia pikapu yako akaishia mtaroni, akiomba msamaha kwa jina la Yesu na la Mtume kwa pamoja ili asikosee. Mimi nilikupa habari za darasani.

“Hesabu umepata ngapi?”

“Thelathini na nane.”

“Kwa ngapi? Usinifiche. Mimi ni polisi.”

Kisha ulizungusha ufunguo, kimya kikashuka, ukavua kofia na kuniwekea kichwani. “Haya,” ulisema kila mara, “afande amekwenda. Sasa mama amefika.”

Ndiyo maana, nilipoajiriwa katika ofisi ya wahandisi washauri, sikununua kigari cha busara kama wenzangu. Nilinunua gari la michezo la Kijapani, la buluu, lenye turbo na gia za mkono, na tundu la kuvutia hewa juu ya boneti. Watu hudhani gari la namna hii ni la matajiri. Ukweli ni kwamba lilikuwa limefikia umri ambao matajiri huwa wamekwisha kulichoka, na hapo ndipo sisi tunapolipata. Lilikuwa na mabonyeo ubavuni, na rangi ya mlango mmoja ilikuwa imefifia, lakini injini yake ilikuwa safi kabisa. Ungeisikia ungeelewa.

Hapo ndipo nilipokosea. Badala ya kukuletea siku ileile, nililipeleka kwa mafundi wa Kisenyi lipigwe rangi upya. Nilitaka niingie lango la kambi likiwa linang’aa. Nilitaka wale waliosema kwamba binti wa dereva mwisho wake ni kuolewa na dereva wasimame barazani watazame. Nilikupigia simu nikakueleza mpango wangu kwa fahari kubwa. Ulicheka.

“Rangi ya nini? Mimi naendesha rangi? Lete hivyo hivyo.”

“Subiri kidogo tu, Mama. Fundi amesema Jumapili.”

“Mafundi wa Kisenyi wana Jumapili ngapi kwa wiki?”

Jumapili ya kwanza rangi haikukauka kwa sababu ya mvua. Jumapili ya pili fundi alisema ubavu mmoja haukulingana na mwingine, nami, kwa kupenda ukamilifu, nikamwambia aanze upya. Jumatano iliyofuata shinikizo la damu lilikuangusha jikoni. Tulikusindikiza kaskazini, kwenye makaburi ya kwenu, kwa basi la kukodi, na gari letu lilibaki Kisenyi, vioo vyake vimefunikwa kwa magazeti.

Niliporudi kambini kukusanya vitu vyako, jirani yetu Mama Furaha, yule Mkongomani muuza vitenge, alinisaidia kufunga masanduku. Alikuwa akikunja blanketi aliposema, bila kuniangalia, “Mama yako alivaaka viatu vyake vya safari, Siku ya Mungu mara mbili. Alikaaka hapa barazani, anaangalia lango. Nikamuuliza, ‘Afande, unaenda wapi?’ Akasema, ‘Naenda kuendeshwa.’”

Zilikuwa zile Jumapili mbili za fundi. Nilienda nje nikavitafuta viatu hivyo. Vilikuwa chini ya kiti, vimepakwa rangi, kamba zimelegezwa tayari kwa mguu.

Sasa gari linang’aa, Mama. Ubavu wa kushoto unalingana na wa kulia. Naliendesha kila siku kwenda kazini na kurudi, na ningependa kukuripotia kwamba ni maisha ya fahari, lakini wewe hudanganyiki. Limeundwa kukimbia, nami nalitembeza. Katika foleni ya asubuhi nguvu zake zote zinatambaa kwa gia ya kwanza nyuma ya lori la matofali, huku mguu wangu wa kushoto ukifa ganzi juu ya klachi. Liko chini mno. Kila tuta la barabarani nalipanda kwa mshazari, kama mtu anayeomba radhi. Mvua ikinyesha sijui shimo lipi ni la kina gani. Linakunywa petroli bila haya. Waendesha boda wakinisimamia ubavuni hupiga kelele, “Nnyabo, bibi yetu, kanyaga kidogo tusikie!” Nikikanyaga kidogo, wanashangilia, taa inawaka kijani, wanatawanyika. Mara nyingi hao ndio watu pekee wanaozungumza nami siku nzima nje ya mambo ya kazi.

Jioni, hata kama sikupita gia ya pili njia nzima, naegesha na kuiacha injini ipumue dakika mbili. Kihandisi haihitajiki. Naketi tu, na mkono wangu wa kushoto hauna pa kwenda.

Ndipo nikaamua kuliuza. Nilijiambia ni uamuzi wa mtu mzima: petroli, matuta, mustakabali wangu. Sababu ya kweli ni kwamba sikuweza tena kukitazama kile kiti.

Mnunuzi alikuwa kijana mstaarabu, amevaa vizuri, na tulikuwa tumekubaliana kila kitu kwa simu. Alitaka tu kulijaribu. Alilipeleka hadi barabara ya chini na kulirudisha kwa kasi, injini ikilia kwa furaha ambayo mimi sikuwahi kuipa. Nilikuwa nimesimama hapa nilipoegesha sasa. Alifunga breki mbele yangu na, papo hapo, bila kusubiri hata pumzi moja, akazungusha ufunguo. Kimya.

Nilisikia vidole vyangu vinauma, Mama.

“Gari zuri sana, nnyabo. Tuandikiane.”

“Samahani,” nikasema. “Haliuzwi.”

“Haliuzwi? Tumeshakubaliana! Nimekosea nini?”

“Umelizima likiwa moto.”

Alidhani natania. Alipoona sitanii alinirudishia ufunguo polepole, kama mtu anayempa mgonjwa dawa yake, akaita boda na kuondoka.

Basi hiyo ndiyo ripoti. Gari limebaki. Nililiwasha tena, nikazunguka peke yangu hadi Old Kampala na kurudi, kwa mwendo ambao ungeupenda. Viatu vyako vya safari viko mbele ya kiti cha kushoto, kamba zimelegezwa. Nimevileta hivyo hivyo, bila kuvipiga rangi upya. Vina vumbi kidogo.

Dakika mbili zimepita zamani, na injini bado ilikuwa inapumua nilipoanza mstari huu. Nimezungusha ufunguo. Nimefungua kinywa niseme yale maneno yako ya mwisho wa kazi, nikakifunga tena, kwa kuwa ni maneno ya mtu anayefika nyumbani akakuta anangojwa.

Pumzika, Mama. Injini yako ilikuwa imekimbia siku nyingi mno.

Ni mimi binti yako,
yule wa kiti cha kushoto.