Kinanda Kilichomkatiza Mama Mkwe

Jumatatu, 2 Julai

Asubuhi tangazo la mnunuzi wa pamba. Mwingine tena. Zamani pamba ilikuwa na mnunuzi mmoja, ushirika, utake usitake. Siku hizi soko huria, kila kona mzani, kila mzani na spika yake. Mimi shamba sina lakini pamba inanilisha. Wao wanagombania wakulima, mimi narekodi kelele zao. Huyu wa leo alitaka ng'ombe alie mwanzoni mwa tangazo. Ng'ombe hayupo. Nimelia mwenyewe. Kasikiliza, kasema huyo dume ana afya, ni wa nani?

Mchana nimeijaribu kompyuta mpya. Mpya kwangu, huko ilikotoka imeshazeeka. Ile ya kwanza iliungua na radi, Mungu ailaze. Vinanda vyote vimefunguka. Kimoja kimegoma. Ni kile cha Doto.

Hivi vinanda vya ndani ya kompyuta wenyewe wanaviita plagini. Hushiki, huoni, unaita tu kinakuja. Hiki Doto alikichora mwenyewe wakati tunafungua studio hapa Bariadi, kabla hajaenda kuendesha malori Dodoma. Kina sauti kama filimbi imeoa harmoniamu. Hakuna mwingine anacho Tanzania nzima. Na leo kimekaa kimya kama mgeni aliyekosea nyumba.

Nimeogopa. Naandika sababu: kwaya ya Mwamapalala wanakuja kurekodi kaseti ya pili. Mwimbishaji wao ni Mama Minza. Ametuma neno kwamba bila kinanda kilekile cha kaseti ya kwanza haimbi, wataenda Mwanza. Na Mama Minza ndiye mama yake Minza. Na Minza ndiye nataka kumuoa.

Wajomba zake wamekubali. Ng'ombe wa mahari wameongelewa. Mama peke yake ndiye hajatamka. Kwetu wanaume wanahesabu ng'ombe, sawa, lakini mama akinyamaza hakuna harusi, kuna mkutano tu.

Jumanne, 3 Julai

Nimepata CD ya Doto, ilikuwa chini ya mfuko wa mchele. Ndani kuna ule mchoro wenyewe wa kinanda. Hii programu aliyotumia ni ya kuunganisha maboksi kwa nyaya, yote ya kuchora. Boksi moja linatoa sauti, jingine linaichuja, jingine linaitetemesha. Unavuta waya kutoka hili kwenda lile. Kama fundi umeme, ila hupigwi shoti. Darasa la tano langu linatosha.

Nimeufungua mchoro. Maboksi mengine yamekuwa mekundu. Maana yake hayapo, ni ya zamani, kompyuta hii haiyajui. Kinanda cha watu kimeng'oka meno.

Alhamisi, 5 Julai

Jana umeme hakuna. Nililala.

Leo nimeshinda intaneti kafe natafuta maboksi mapya ya kuziba mapengo. Linashuka moja kwa taabu kama ndama anazaliwa. Dada wa kafe kaniuliza unashusha picha za nini. Nimemwambia meno. Kasogea mbali.

Jumamosi, 7 Julai

Nimembipu Doto, akapiga. Sauti ya lori nyuma.

"Maduhu! Bado uko hai? Nilisikia umekuwa mkwe."

"Nitakuwaje mkwe na kinanda chako kimekufa? Hili boksi la kwanza la kuamshia sauti halipatikani."

"Weka lolote la kisasa, kaka. Langu lilikuwa la kuungaunga. Nilikuwa mtoto."

Nimeweka la kisasa. Nimeunganisha waya. Nimebonyeza.

Kimelia! Aisee. Nimeruka mpaka nimegonga kichwa kwenye rafu. Ile sauti, yenyewe kabisa, na sasa ni safi, haina ule mkwaruzo. Zamani ukibonyeza kilikuwa kinajivuta kwanza, kama mtu anavaa viatu. Sasa ukigusa tu, pa! Nimeondoa uzembe wa Doto. Nimekiongezea mwangwi kidogo, kama kanisa kubwa. Nimecheza peke yangu chumbani. Nampenda Doto. Nampenda aliyebuni waya. Leo nampenda hata yule dada wa kafe.

Jumapili, 8 Julai

Minza amekuja baada ya ibada, kaleta matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, na karanga. Nimempigia. Kafumba macho. Kasema kizuri. Halafu kasema, "Mama atajua." Sikuuliza atajua nini. Nilikuwa nakula.

Nikimwangalia huyu mtoto anavyomenya karanga, nafsi inatulia kama maji ya mtungi. Basi.

Jumatano, 11 Julai

Siku mbaya.

Kwaya wamekuja na pikapu, wamejaa mpaka juu ya bodi, kufanya mazoezi na kinanda. Wameshuka wanaimba. Nimetoka mbio kuwaamkia, "Mwangaluka!" Mwalimu Sayi, huyu kiongozi wao, kanidaka mkono. "Wewe, unaenda wapi? Mkweo yuko mbele."

Nilikuwa nimesahau. Au sikuwa nimewaza. Tangu wajomba walipozungumzia ng'ombe, mimi na mama yule hatuonani tena uso kwa uso. Kwa mila yetu haiwezekani kukaa naye chumba kimoja. Na studio yangu ni chumba kimoja.

Nikasema nitatundika kitenge katikati. Sayi akakataa, akasema kitenge kinapepea. Wamama wamecheka mpaka wamekaa chini. Mwisho tumekubaliana: mimi nje, wao ndani. Nimepitisha nyaya dirishani, nimeweka kompyuta juu ya kreti la soda, nimekaa uani na kuku, na ubao wa vibonyezo wa kukipigia kinanda magotini. Mama mkwe kapita huku mimi nimegeukia ukuta. Nimeona miguu tu. Hata miguu nimeona kwa bahati mbaya.

Tumeanza. Yeye anatangulia, kinanda kinamfuata, ndivyo wimbo wao ulivyo. Ubeti wa kwanza nikasikia sauti yake inajikwaa. Wa pili ikasimama kabisa. Halafu kinong'ono kirefu ndani.

Minza katokea dirishani. Uso mzito.

"Mama anasema, kijana amekaa nje kwa heshima, amefanya vizuri. Lakini kinanda chake kiko huku ndani kinamkatiza."

Nimeanza kukagua nyaya.

Sikuelewa mpaka wameondoka. Kile kinanda cha zamani kilikuwa kinachelewa. Yeye anaanza neno, kinanda kinajivuta, kinaingia nyuma yake taratibu, kama mtu mdogo anapoitikia mkubwa. Tangu kaseti ya kwanza amezoea kuimbia ndani ya kile kijinafasi. Mimi nimekiziba. Sasa akifungua mdomo kinanda nacho kinafungua. Nani hapa kwetu anaongea pamoja na mama wa watu?

Wanarudi Jumamosi. Sayi kasema Jumamosi ikishindikana wanaenda Mwanza, na kasema kwa upole, huyu mzee ni mpole, ndiyo maana nimeumia zaidi. Kuhusu harusi mama hajasema lolote. Nani ampe mtoto wake mtu ambaye hata vitu vyake havina adabu?

Alhamisi, 12 Julai

Asubuhi nimempigia Doto. Nimemuuliza kule kuchelewa alikupima vipi. Kacheka. Kasema hakupima, alikadiria, tena alitaka kurekebisha akasahau.

Nimerudisha uchelewaji. Kitufe cha kuzungusha kipo, ukikisogeza sauti inaamka polepole. Lakini polepole kiasi gani? Nikizidisha, kinanda kinakuwa mlevi anayefuata harusi. Nikipunguza, kinarudi kukatiza. Nimesikiliza kaseti ya zamani mpaka utepe umeanza kulia. Haisaidii. Kwenye kaseti kila kitu kimechanganyika, wamama, vigelegele, miguu.

Minza kajaribu kuniimbia mahali pa mama yake. Ana sauti ileile lakini anawahi, ana haraka ya ujana. Kasema, "Mama anavuta pumzi kabla. Sijui nikuoneshe vipi."

Hapo ndipo penyewe. Inabidi nisikie pumzi ya mtu ambaye siruhusiwi kumsogelea.

Ijumaa, 13 Julai

Nimefanya ujinga. Naandika nusu kwa woga nusu kwa kicheko.

Nimepanda lori la yule mnunuzi wa pamba niliyemlilia kama ng'ombe, lilikuwa linaenda Mwamapalala kubeba pamba. Minza aliniambia mama yake leo anachambua pamba uani, na akichambua huwa anaimba. Nimeshuka mbali, nimezunguka nyuma ya boma lao, nimechuchumaa nje ya ua wa minyaa. Mtu mzima mimi. Mwenye studio.

Nimemsikia. Alikuwa peke yake, hana kwaya, hana kinanda. Anavuta pumzi, anasubiri kidogo, neno linatoka. Nikaanza kugonga paja kwa kidole, nikitafuta mahali pa kinanda. Mara nawahi. Mara napitwa. Nikawa nimekaribia kupata.

Mbwa akanipata kwanza.

Amebweka kama ameona fisi. Nimelala kifudifudi kwenye vumbi. Kama mama yule angetoka akanikuta namchungulia uani kwake, ndoa imekufa hapo hapo. Na ningetozwa faini, na ningeimbwa kwenye ngoma mpaka Malampaka.

Hakutoka. Alimkemea mbwa kwa Kisukuma, mara moja tu. Halafu nikasikia anakohoa, anasafisha koo.

Akaurudia wimbo tangu mwanzo. Polepole kuliko kwanza. Kila pumzi wazi kabisa, kama anamfundisha mtoto. Na alikuwa amesogea. Sauti ilikuwa karibu na minyaa kuliko mwanzo.

Nimegonga paja mpaka mwisho wa wimbo. Sikukosea hata mara moja. Kisha nimetambaa mpaka barabarani.

Jumamosi, 14 Julai

Asubuhi na mapema nimeweka kile kitufe cha kuzungusha pale paja langu liliposema. Mwangwi wa kanisa kubwa nimeutoa. Hakuna aliyeuomba.

Wamekuja. Mimi uani, kuku, kreti. Nimegeukia ukuta. Miguu imepita, leo sikuangalia.

Sayi kahesabu. Mama kavuta pumzi, nimeisikia kwenye spika za masikioni kama yuko begani kwangu. Katoa neno. Kinanda kikasubiri, kikainuka nyuma yake, kikamshika mkono.

Hakusimama. Ubeti wa pili, wa tatu. Kwaya wakaingia na miguu yao yote, vumbi likatokea dirishani. Mimi nabonyeza na machozi yananitoka, bahati nzuri ukuta hausemi. Nyimbo zote tumezimaliza bila kurudia hata moja. Sayi katoa kichwa dirishani kushukuru, "Wabeja sana, kijana." Mwanza hawaendi.

Lakini mama mkwe hakutuma neno. Nilisubiri Minza aje na neno lolote, hata la kunitukana. Nimesikia mlango, nimesikia miguu, pikapu imewaka, wameondoka wanaimba. Minza kaondoka nao. Sikupungiwa mkono na mtu.

Kazi nimeipata. Ndoa niliyoitaka sijui. Nimekasirika. Nimewarushia kuku ganda la ndizi, nao wamelikataa.

Jumanne, 17 Julai

Hakuna habari. Nimemrekodi mtu wa mbegu. Alitaka mvua kwenye tangazo. Nimemwaga mchele kwenye bati.

Sikufanya utani hata mmoja leo. Mwenyewe nimejishangaa.

Alhamisi, 19 Julai

Minza amekuja asubuhi, hakukaa. Alikuwa anaenda sokoni kununua mtungi mkubwa. Nimemuuliza wa nini. Kaangalia chini, anachorachora mchanga na ndala.

Mama yake ameloweka mtama jana. Mwingi. Wa togwa. Hakumwambia mtu sababu, ametoa tu gunia, akapepeta, akamwaga maji. Wajomba walipouliza kuna shughuli gani, kawajibu kwamba wanaume wana maswali mengi, waende kwa mkwe wamuulize ng'ombe wanafika lini.

Amesema mkwe. Minza kalirudia mara mbili, nililazimisha.

Mtama ukishalowekwa hauzuiliki, unaota tu. Nimefunga studio. Nimepiga pasi shati. Sasa nimekaa kizingitini na upepo mdogo unatoka upande wa Mwamapalala, na sina cha kuongeza.