Kofia ya Baba na Alama Niliyoitia Kwenye Fomu

Ruiru, Jumapili alasiri, Februari

Mvua haijanyesha tangu kabla ya Krismasi. Upepo unaacha vumbi jembamba kwenye kioo cha dirisha langu, na midomo yangu imepasuka ingawa naipaka mafuta mara tatu kwa siku. Huku kwetu juu, hewa ina ubaridi unaokudanganya kwamba jua halichomi.

Hilo nimewaeleza wateja mara nyingi mno.

Wanaosoma ukurasa huu wanajua kwamba tangu Novemba nimekuwa katika kliniki moja ya ngozi hapa Ruiru, kwa majaribio. Shahada yangu ni ya biokemia, na sijawahi kuficha kiu yangu ya kufika mbali. Mwenye kliniki, Madam Rose, anataka kuanzisha huduma ya wanaume. Wanaume wa nyanda hizi huzeeka usoni mapema: jua kali, hewa kavu, na kinga yao pekee ni yale mafuta ya kukamulia ng'ombe, tena baada ya kuoga tu. Aliniagiza nimtafute mwanamume mmoja aliyepita miaka hamsini, apigwe picha kabla na baada ya matibabu, kisha kesho asubuhi nieleze matokeo mbele ya washirika wake. Nikifaulu, ninaajiriwa.

Nilimpeleka baba.

Baba ana miaka hamsini na sita. Amechonga mawe ya kujengea katika machimbo ya Juja tangu kabla sijazaliwa, na watu humwachia kiti wakidhani ni mzee wa sabini. Mikunjo ya macho yake inatokana na kuyafumba dhidi ya vumbi la mawe. Mashavu yake yalikuwa na madoa ya jua. Nitakiri jambo ambalo si jepesi kulikiri: alipoketi kwenye kiti cheupe cha kliniki Alhamisi, siku kumi zilizopita, nilimwona kwanza kama kielelezo kizuri, halafu ndipo nikamwona kama baba.

Aliponiuliza ataumia kiasi gani, aliniita "baba", kama anavyoniita siku zote, kwa sababu nina jina la baba yake.

Tiba yenyewe ni asidi nyepesi inayoambua ngozi ya juu ili mpya ichomoze. Aliipaka mtaalamu wetu. Mimi nilijaza fomu. Kuna swali moja lililoandikwa kwa herufi nzito: je, mteja atakaa juani ndani ya siku saba? Nilitia alama kwenye "Hapana". Baba akatia sahihi bila kusoma. Kwa nini asome, na aliyejaza ni mwanawe?

Machimboni alikuwa ameomba ruhusa ya wiki nzima, lakini usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimemaliza kuchapa ratiba ya mazishi ya Mzee Njoroge, jirani yetu wa Ngoingwa na mwenzake baba machimboni. Kamati iliniomba kwa kuwa mimi ndiye msomi. Niliandika kwa mkono wangu: Jumanne, saa sita mchana, ibada ya kaburini.

Nilijua.

Nilijiambia kwamba kofia pana ingetosha. Nikamnunulia moja, nikamsisitizia asiivue, nikamwachia na mafuta ya kukinga jua. Jumatatu nilimpiga picha ya pili. Uso ulikuwa laini, madoa yamefifia, nami nikaituma kwa Madam Rose nikijivuna. Nilisahau jambo ambalo kila mtoto wa huku analijua. Kaburini, maombi yanapoanza, wanaume huvua kofia.

Mama ndiye aliyenisimulia. Wachonga mawe walipomwona baba walianza kumtania kabla hata jeneza halijafika.

"Ngai! Angalieni uso wa huyu. Umeoa bibi wa pili na hukutuita?"

"Wacheni wivu," baba akawajibu. "Ni kijana yangu. Yeye ni daktari wa ngozi."

Mimi si daktari. Kisha maombi yakaanza, baba akavua kofia, akaishikilia kifuani. Baadaye akaiweka kwenye nyasi ili ashike sepetu, kwa maana rafiki wa miaka yote hiyo hafukiwi na watu wengine wewe ukitazama. Alikaa kichwa wazi mpaka shada la mwisho likawekwa. Jasho lilikuwa limekwisha kuyaosha mafuta niliyomwachia.

Jumatano macho yalikuwa hayafunguki kwa uvimbe. Tulimpeleka hospitalini Thika. Daktari, mama mmoja mpole, alisema ngozi mpya imeungua, na kwamba weusi utakaobaki unaweza kuchukua mwaka kuondoka, na pengine usiondoke wote. Kisha akauliza kama hakuna aliyetaka kujua iwapo mgonjwa angekuwa juani.

"Kijana aliniambia," baba akasema haraka. "Ni mimi sikusikia."

Nilikuwa nimesimama karibu na mlango. Nikaichukua karatasi ya dawa, nikaenda kulipa.

Leo baada ya kanisa nilikwenda nyumbani. Baba sasa anavaa ile kofia hata mezani. Mashavu yake yana weusi wa mabaka, mkubwa kuliko madoa yote tuliyotaka kuyafuta. Alinimiminia chai mwenyewe, akaketi, akaniambia, "Nisamehe, baba. Nimekuharibia kazi."

Nikanywa chai hiyo yote. Nikamwambia asijali. Nikaondoka.

Sijui kama nimewahi kufanya jambo ovu zaidi ya kulipokea ombi la msamaha la mtu niliyemkosea mimi.

Picha ya Jumatatu bado imo katika maelezo yangu ya kesho. Ni picha ya kweli. Hakuna atakayeuliza ya Jumatano. Madam Rose amenipongeza mara mbili. Nimeifungua na kuifunga tangu nirudi, na sasa nimeweka kando yake picha ya tatu, niliyompiga hospitalini Jumatano, na chini yake ile fomu, alama yangu ikionekana wazi. Washirika wataona zote. Ikiwa hiyo ndiyo siku yangu ya mwisho pale, iwe.

Lakini hao si wa kwanza kustahili kuambiwa.

Baba hutoka kwenda machimboni saa kumi na mbili, na amekataa kupumzika. Kesho nitakuwa mlangoni kwake mapema kuliko hapo. Nataka nimkute kabla hajavaa kofia, ili ninapomwambia nilichokijua, niwe ninautazama uso wake.