Nasubiri Majira Mazuri ya Kupasuliwa Ngiri

Tarehe 19, mwezi wa pili. Leo nimetimiza miaka mitatu na miezi minne tangu nitoke nyumbani.

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na barua hii ukiitoa gazetini usitaje ninakofanya kazi, maana wenzangu husoma ukurasa wako wakati wa chakula, gazeti likiwa limetandikwa chini ya sahani. Mimi ni kibarua wa ujenzi, nabeba zege, shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo mwandiko utanisamehe.

Nina ngiri. Ilianza mwaka juzi kama kinundu kwenye kinena upande wa kulia, nikilala kinarudi ndani, nikisimama kinatoka, nikakichukulia kama mgeni ambaye ataondoka mwenyewe, lakini kikakua mpaka kikafika ukubwa wa ngumi ya mtoto, nikaanza kukifunga kwa tyubu ya baiskeli chini ya suruali kisionekane, na wenzangu wakawa wananitania, "Mzee, siku hizi unatembea kama bata aliyemeza kokoto," nami nacheka nao. Nilipokwenda hospitali nikakuta daktari ni binti wa umri wa mwanangu wa kwanza, nikaona haya hata kufungua mkanda, akaniambia, "Baba, mimi nimeziona nyingi, fungua tu," akapima, akasema dawa ya hii ni kisu, akaniandikia tarehe, na akanionya kwamba nikishapasuliwa wiki sita nisinyanyue kitu kizito.

Tarehe ile iliangukia kiangazi. Ninaokaa nao chumba kimoja wakasema jua likiwa kali mshono hutoka jasho ukaoza, nikaahirisha. Nikapewa nyingine, ikaangukia masika, wakasema unyevu ni mbaya, na kweli paa letu linavuja juu ya kitanda changu, nikaahirisha. Ya tatu ikawa wakati wa baridi, nikasema mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, kwamba baridi hukaza nyama na kidonda hakifungi. Mama watoto akaniuliza kwenye simu, "Hivi wewe mwanamume, unapasuliwa au unapandwa kama mahindi?"

Sasa nifike kwenye lenyewe. Siku ya kumwaga zege la sakafu ya juu sisi hujipanga mstari kwenye ngazi, ndoo inapanda mkono kwa mkono, na sheria yetu ni moja tu, anayetoa haachii mpaka anayepokea aseme "nimepokea", maana mashine inanguruma na huwezi kumtazama mtu usoni kila mara. Wiki tatu zilizopita aliyesimama chini yangu ni mwenzangu tunayemwita Kijiko kwa wembamba wake, mtu mzima mwenye familia, na katikati ya kazi ngiri ikanibana, maumivu yakapanda mpaka kwenye meno, lakini nikaona aibu kusimamisha mstari mzima, ndoo ikaja, nikasema "nimepokea" na mikono yangu haijashika kitu. Kijiko akaachia. Ndoo ikaenda kumpata begani fundi wa nondo aliyekuwa chini, mfupa ukavunjika.

Nyapara akapanda mbio. "Nani kaachia?"

Kijiko akasema, "Mimi, lakini kaka hapa alisema amepokea."

Nyapara akanigeukia. "Ulisema?"

Mshauri, nilimjibu sikusema. Waliokuwa juu yangu hawakusikia kitu kwa kelele za mashine. Kijiko alinitazama tu, hakugomba, akasema, "Haya kaka, kama hukusema, hukusema," akavua glavu zake akaziweka kwenye ngazi, akashuka. Alifukuzwa siku ile ile.

Tangu hapo chakula hakipiti vizuri, na ngiri inaniuma kuliko zamani. Naamini nikishapasuliwa nitatulia. Basi naomba uniambie, kati ya kiangazi, masika na kipupwe, ni majira gani kidonda hupona upesi? Nyumbani nimewaambia wanitarajie mwezi wa nane, baridi ikianza kukatika, nikiwa mzima.

Kibarua wa Zege

*

Kibarua, pole. Ya maumivu nakupa nzima. Ya hayo mengine nakupa nusu.

Nianze na majira kwa kuwa ndiyo uliyouliza. Hospitali hupasua ngiri mwaka mzima, na kidonda hakisomi kalenda. Kinachotaka ni usafi, ukavu na mwenye nacho atulie. Jasho? Oga kama utakavyoelekezwa, ubadilishe nguo. Paa linavuja? Sogeza kitanda! Unawajengea watu maghorofa, unashindwa kuhamia pembe ya pili ya chumba? Hiyo tyubu ivue leo, na mizigo uiache leo. Na siku kinundu kikigoma kurudi ndani, kikawa kigumu, kikauma sana au ukaanza kutapika, usiniandikie barua. Kimbia hospitali saa ile ile, hata kama mvua inavunja miti.

Tumemaliza hali ya hewa. Sasa tuzungumze.

Uliona haya mbele ya daktari, ukaona haya mbele ya mstari, na ulipofika mbele ya nyapara ukaona ni nafuu mtu mwingine aanguke badala yako. Kuwa na ngiri si aibu hata kidogo, huwapata wabeba mizigo na huwapata makarani wasiobeba hata kikapu. Aibu yako unaijua ilipo, umeiandika kwa mkono wako, na hiyo ndiyo sababu sijakukatia tamaa. Lakini unasema daktari akikushona utatulia. Hutatulia, baba. Kisu chake hakifiki huko.

Utaniambia, nikisema ukweli nitafukuzwa mimi. Huenda. Sitakudanganya ili ujisikie vizuri, umeshadanganya vya kutosha kwa niaba yetu sote.

Fanya hivi. Jumatatu asubuhi, kabla mashine haijawashwa, mwendee nyapara wenzako wote wakiwa wanasikia. Mwambie ulisema umepokea na hukuwa umeshika, mwambie ni ngiri, na kwamba Kijiko hana kosa, arudishwe. Usianze na hadithi ya maumivu, anza na kosa. Ukitoka hapo nenda nyumbani kwa Kijiko, usibebe zawadi wala maneno marefu, na akikufungia mlango, mlango ni wake. Kisha kwa fundi wa nondo, naye ana haki ya kujua kilichomvunja bega. Jumanne nenda kwa yule binti daktari, fungua mkanda bila kubembelezwa, uombe tarehe ya karibu kuliko zote. Mama watoto mpigie umwambie yote mawili, ngiri na uongo. Kwa swali lile la mahindi, naona ndiye mwenye akili nyumbani kwenu, hatashindwa kukuuguza wiki sita.

Na usipindue mpangilio huo. Ukianza na hospitali utalala unahurumiwa, na kila siku utakuwa na sababu: mshono haujakauka, bado unavuta, ngoja kwanza nipate nguvu. Kungoja wewe ni hodari. Kijiko hana pa kungojea. Hivi sasa anazunguka kwenye majengo ya watu akiomba kazi, na kila anakofika limemtangulia jina ulilompa wewe, la mtu anayeachia ndoo.