Tundu Lisilokwaruza

4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Sisi tunasukuma siku. Mchumba wako, mjukuu wako, amepata chuma cha mguu cha kumsaidia kutembea, lakini fundi wa huku alikitoboa kwa biti butu ya drili. Matundu yana meno, pini ya gotini inacheza, na kila akikanyaga chuma kinamkwaruza. Kidonda kimeanza. Nimeazima drili nitengeneze kingine mwenyewe. Nichague biti gani?

Mwanao

13 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Kifua kinakohoa chenyewe, mimi nasikiliza tu. Huyo fundi wenu akauze mkaa. Wewe usikurupukie biti kubwa. Gonga alama kwanza, biti isitangetange. Toboa kwa nyembamba, halafu nene kidogo, tia mafuta, usikandamize. Umalizie na ile yangu ya kusawazishia, ndiyo inayotoa duara kamili. Za dukani zimepinda, usinunue. Nanoa zangu nikutumie. Mchumba avumilie.

Baba yako

27 Machi

Baba,

Shikamoo. Pole na kifua. Biti hazijafika. Kidonda kinatoa usaha na homa haishuki. Nikimvua chuma anatambaa, naye hataki watoto wenzake wamwone akitambaa. Tuma hata zisizonolewa.

Mwanao

8 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mpe pole mchumba. Mikono inanitetemeka siku hizi. Moja niliiharibu, nikaanza upya. Siwezi kukutumia takataka, kazi ya harakaharaka ndiyo iliyomuumiza. Bado kidogo tu.

Baba yako

2 Mei

Baba,

Shikamoo. Biti zimefika, umezifunga kwenye soksi, kila moja peke yake. Mguu ulikatwa wiki iliyopita, juu ya goti.

Nilitaka kuandika kwamba sikulaumu. Nakulaumu, Baba. Najilaumu na mimi, na hakuna kinachobadilika.

Nilitoboa chuma kipya hata hivyo, maana kukaa bure kulinishinda. Nilifuata yote uliyosema. Matundu yametoka duara, pini imeingia bila kucheza. Nimepitisha kidole ndani, hapakwaruzi popote. Mchumba wako akataka kupitisha chake. Alikizungusha humo taratibu, akaniuliza, "Mama, sasa hiki chuma ni cha nani?"

Mjibu wewe.

Mwanao

30 Juni

Baba,

Shikamoo. Bado anauliza.

Mwanao