Ule Wimbo Haukuwa wa Bibi Asumini

Makote, Newala
Jumatatu, baada ya watoto kutoka jandoni

Fundi wangu, Baba Somoe,

Shikamoo. Nimezoea kukusalimu nikiwa nimeinama nawasha nyasi za kukazia ngoma, na wewe kuniitikia marahaba bila kunitazama, macho yako kwenye ngozi. Leo nakusalimu kwenye karatasi. Nimekaa kwenye kigogo chako upande wa jikoni, Mama Somoe kanipa ruhusa, na ngoma zako tatu ziko hapa chini ya upenu zimefunikwa viroba. Ziko salama. Panya hawajazigusa.

Nina neno ambalo nilipaswa kukuambia kwa mdomo, na nafasi nilizipata nyingi. Miaka mitatu ya nafasi. Nikianza kuzunguka hapa nitakuwa nimekudanganya tena, kwa hiyo nalisema: ule wimbo wa Bibi Asumini si wa Bibi Asumini. Bibi yangu hakuutunga, hakuupiga, hakuusikia hata siku moja. Ni muziki wa gemu, Fundi. Gemu za kwenye televisheni, zile zile ulizokuwa unazisema vibaya.

Kabla sijarudi Makote nilikuwa Masasi, pale Mkomaindo jirani na hospitali, nasimamia banda la gemu. Wewe nilikuambia nauza chaja na kava za simu. Uongo wa kwanza huo. Kulikuwa na gemu moja iliyopendwa kuliko zote. Mtu anatembea na upanga, anapita mapangoni, anapambana na vijitu vidogo vidogo, mpaka anafika kwenye mlango mkubwa. Nyuma ya mlango yuko bosi, zimwi lenye pembe, kubwa kama ghala la korosho. Mlango ukifunguka, muziki uliokuwepo unanyamaza na unaanza wa bosi mwenyewe. Kinanda kizito kinashuka kama mtu anayeteremka ngazi na mzigo, fidla zinakimbia juu yake, na mapigo hayakai sawa, yanakwenda matano badala ya manne. Mchezaji akifa anaanza upya, na muziki unaanza upya. Wateja wangu walikuwa wanakufa kutwa nzima. Muziki ule niliusikia kuliko nilivyosikia sauti ya mama yangu.

Mwenyewe sikuwahi kumuua yule bosi. Mikono yangu iliujua wimbo, haikuijua pedi ya kuchezea.

Siku niliyokudanganya unaikumbuka. Tulikuwa tunasubiri ngozi ikaze, na mimi vidole vikawa vinajichezea kwenye ukingo wa kinu. Ukaniambia, "Rudia." Nikarudia. Ukauliza, "Wa nani huo?" Nilikuwa nimeshakujua kwamba kwako wimbo bila mwenyewe ni wa wizi, na hupigi mpaka umtaje mwenye nao mbele za watu. Lakini wiki ile ile tulikuwa tumepita Newala mjini mbele ya banda la gemu, ukachungulia, ukasema, "Wamekaa kimya wanatazama ukutani, utadhani wamefiwa." Nilicheka na wewe. Sasa ningesemaje?

Nikasema ni wa bibi mzaa mama, Bibi Asumini, aliyetoka ng'ambo ya Ruvuma, marehemu. Nilimchagua yeye kwa sababu wafu hawaulizwi. Ukauliza kama bibi alikuwa na mguu mbovu, maana wimbo wake unachechemea. Nikasema ndiyo, alikuwa anachechemea. Nikampa bibi yangu ulemavu, Fundi, mchana kweupe.

Na wewe ukaufanyia kazi. Wiki mbili nzima hukutaka wimbo mwingine. Kile kinanda kizito ukakipa ngoma kubwa, ukakipunguza mwendo mpaka kikawa kinatembea kama mtu mzima. Fidla ukazipa ngoma ndogo, yangu. Kuna kipande ukakitupa, ukasema, "Hapa bibi yako alikuwa na haraka." Nilikuwa nausikia ule muziki wa kutisha unageuka mikononi mwako, unakuwa wa kuwapokea watoto wanaotoka jandoni wamepakwa mafuta, na mama zao wanalia kwa furaha. Hakuna aliyekuwa anajua nilichokuwa nakiona. Nilitamani kukuambia hata kwa ajili ya hilo tu, ujue umetoka wapi na umeufikisha wapi.

Mara ya kwanza ulipoupiga hadharani, ulisimama ukasema, "Wimbo huu ni wa Bibi Asumini, mama aliyechechemea, wa ng'ambo ya Ruvuma. Sisi tumeazima tu." Vigelegele vikapigwa. Mama yangu alikuwa mstari wa mbele. Alinitazama, hakupiga kigelegele. Njiani kurudi nyumbani akaniambia, "Mama yangu alikuwa anaogopa hata radi. Na miguu yake yote ilikuwa mizima." Nikacheka. Yeye hakucheka, na hakulirudia tena neno hilo.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ingekuwa fupi kama wimbo ungekuwa na mwisho.

Lakini muziki wa bosi hauna mwisho, unajirudia mpaka mmoja afe. Wewe ulilishika hilo mapema. "Wimbo wa bibi yako hauna mlango wa kutokea," ulisema. "Muulize mama yako, bibi aliumalizaje?" Nikasema nitamuuliza. Ukawa unapiga mpaka unapoona inatosha, unaweka kiganja juu ya ngozi, ngoma inanyamaza papo hapo, na unasema, "Tuishie hapa. Mwenyewe hajatuambia." Watu waliona ni mbwembwe zako. Mimi nilijua kwamba unaona aibu, fundi mzima kuacha wimbo wa watu katikati.

Mwaka wa pili ulipeleka unga kwenye tambiko. Nilikuwa nimeshika bakuli. Ulimimina kidogo kidogo, ukasema taratibu kama unayebisha hodi, "Bibi Asumini, tunatumia chako, tuonyeshe pa kutokea." Nilitazama chini. Kama kuna siku ninayotamani nirudishiwe, nadhani ni ile, maana tulikuwa wawili tu, na wewe ulikuwa na afya yako, ungenitukana ukamaliza.

Badala yake nikatafuta uongo mwingine. Niliweka bando, nikapanda pale kwenye kichuguu panaposhika mtandao, nikautafuta ule muziki. Kumbe dunia nzima inao. Kuna okestra ya watu waliovaa makoti meusi wameupiga wote kwa pamoja kama mvua kwenye bati. Kuna binti ameupiga kwa piano polepole, mpaka zimwi linatia huruma. Kuna kwaya. Kuna vijana wa hapa hapa kwetu wameuchanganya na singeli. Na kila mmoja kajitafutia mwisho wake. Okestra wamemaliza kwa kishindo, kwaya wanafifia kama lori linaloelekea Masasi, yule binti ameinua tu mikono. Nikachukua mwisho wa okestra, nikaufanyia mazoezi siku nne, nikakuletea. Nikasema, "Mama amekumbuka."

Uliupiga mara moja. Ukatikisa kichwa. "Hapana. Aliyemaliza hapa siye aliyeanza."

Hukusoma shule ya muziki, hukuwa na simu ya kutazama hayo makoti meusi, lakini sikio lako lilijua kwamba huyu ni mtu mwingine. Ulinitazama kwa muda, ukinipa nafasi labda, au labda ulikuwa unawaza mambo yako. Nikasema mama huenda amechanganya. Nikamsingizia mama pia.

Kisha kifua kikakushika, tukakupeleka Masasi, hospitali ya Mkomaindo. Nilikuwa nalala kwa rafiki yangu hapo mtaani, nakuja wodini na uji wa Mama Somoe. Ulikuwa unaongea kwa shida, na bado siku ya pili ulinivuta shati ukasema, "Mama yako. Mwisho." Maneno matatu tu, na yote yalikuwa yananidai ukweli.

Hapo ndipo nilipofanya lile ninaloliandikia barua hii. Niliamua kukuambia kila kitu, Fundi, wallahi niliamua. Lakini nikasema siendi kwako mikono mitupu. Nikajiambia: nitamuua kwanza yule bosi, nisikie wimbo unaishaje wenyewe, alivyotaka aliyeutunga, kisha nitakuja na ukweli na mwisho wake kwa pamoja. Lile banda langu la zamani liko ng'ambo ya barabara tu. Nikamwambia Mama Somoe nakwenda kununua maji ya kunywa. Siku ya kwanza nikafa mpaka vidole vikauma. Siku ya pili vilevile. Vijana waliona mtu mzima ana machozi kwenye gemu, wakaninunulia soda.

Siku ya tatu, alasiri, nilikuwa nimebakiza kidogo sana. Simu ikatetema mfukoni. Gemu ile ina kitufe cha kusimamisha kila kitu, ukibonyeza hata zimwi linaganda na upanga wake hewani. Sikukibonyeza. Sitakudanganya tena kwamba sikuihisi. Niliihisi pajani, nikasema nikimaliza tu. Ikatetema tena. Nikasema nikimaliza tu.

Bosi akaanguka, na muziki ukakatika. Hakukuwa na kishindo, wala haukufifia. Ulikatika pale pale, kama unavyoweka kiganja juu ya ngozi. Wateja wote walikuwa wamesimama nyuma yangu, wakawa kimya. Katika ukimya ule ndipo nilipoisikia simu kwa masikio. Alikuwa Mama Somoe, mara ya sita.

Nilivuka barabara nakimbia. Aliniambia ulikuwa umeniulizia.

Fundi, mwisho ulikuwa nao. Miaka yote mitatu uliupiga sawasawa na ulikuwa unaomba radhi kwa kuukosa. Ningekuambia tu kwamba ni gemu, ningekuambia jinsi gemu zinavyokwenda, ungejua. Ungejua hata kabla yangu. Ningekuwa nimekaa pembeni yako nimekushika mkono, siyo pedi.

Tulikuzika Makote. Arobaini ilipopita nilianza na mama yangu. Nilimwomba radhi kwa ajili ya mama yake, na kwa ajili ya ule mguu. Akasema, "Nilikuwa nasubiri." Basi. Akanipakulia ugali.

Mama Somoe ndiye aliyekuwa mgumu, na ana haki. Nilimkuta anapepeta mbaazi. Nilimwambia kila kitu, mpaka maji ya kunywa niliyosema nakwenda kununua. Aliendelea kupepeta, nikadhani hajanisikia. Kisha akauliza, "Na ule unga?" Akasema, "Baba Somoe alimwomba mama wa watu jambo asilolijua." Akachukua ngoma yangu ndogo akaiingiza ndani. Nisiiguse, akasema, wala asinione nayo, mpaka watu walioupigia wimbo ule vigelegele waisikie habari hii kwa mdomo wangu. Wiki tano sikugusa ngoma. Nilikuwa napita hapa kumletea kuni, ananiitikia salamu, hanikaribishi.

Juzi Jumamosi watoto walitoka jandoni. Nilisimama pale ulipokuwa unasimama. Nikasema wimbo huu haukuwa wa Bibi Asumini, na Bibi Asumini hakuchechemea. Nikasema aliyeutunga ni mtu wa nchi ya mbali, jina lake nimeliandika kwenye karatasi. Nikalisoma, nikalikosea, nikalirudia. Nikasema aliutungia zimwi. Mjomba mmoja akauliza kwa sauti kama zimwi lenyewe limealikwa, watu wakacheka, na vijana wa nyuma wanaoijua gemu wakaanza kuuimba muziki wake kwa midomo. Nikasema aliyeuleta hapa ni mimi, Selemani, na niliuleta kwa uongo. Hapo hakucheka mtu. Nikasema aliyeufanya ngoma ni Fundi, Baba Somoe, na mwisho wake ni wake, na ndio sahihi.

Nikabaki nimesimama. Mama Somoe akaingia ndani, nikajua yameisha. Akatoka na ngoma ndogo, akaniwekea miguuni. "Piga," akasema. "Wenyewe wametajwa."

Tukapiga. Tulipofika pale ulipokuwa unaishia, niliweka kiganja juu ya ngozi. Uwanja wote ulinyamaza, hata watoto, na nilisikiliza ule ukimya kwa muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Nilikuwa nasubiri uongee.

Sina la kukurudishia. Ninachoweza kukuahidi ni hiki: sitapiga wimbo ambao siwezi kumtaja mwenyewe kwa ukweli, hata awe nani, hata watu wacheke. Mama Somoe akiniita, nitaacha ninachofanya na kwenda, hata nikiwa nimebakiza kidogo. Na unga wa Bibi Asumini nitaupeleka mwenyewe mavuno yakitoka, siyo kumwomba kitu, ni kumwambia samahani.

Lala salama, Fundi wangu. Kiganja kiko juu ya ngozi. Tuishie hapa.

Selemani wako,
wa ngoma ndogo